Marcel Lihau, Hakimu Mkuu

Marcel Lihau alizaliwa mwaka 1931 huko Lisala, mji ulio kando ya mto Kongo, mbali sana na Shituru. Alisoma seminarini, kisha kwa Mapadri Wajezuiti wa Kimwenza. Siku zile serikali ya Wabelgiji haikupenda Wakongo wajifunze sheria. Mtu aliweza kuwa karani au mwalimu, wakili hapana. Lakini mwalimu mmoja alimsaidia kwa Kilatini na Kigiriki, hata akashinda mtihani, akaingia chuo kikuu cha Louvain huko Ubelgiji.

Uhuru ulipofika, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, hapakuwa na hakimu Mkongo hata mmoja katika nchi nzima. Kwa hiyo mwaka ule ule Lihau, ijapokuwa hajamaliza masomo, alipewa kazi ya mambo ya haki katika serikali ya makamishna.

Mwaka 1964 watu waliochaguliwa walikutana Luluabourg, mji uitwao sasa Kananga, ili kuandika katiba. Lihau alikuwa katibu wao. Katiba ni kitu gani? Katika kiwanda cha shaba, kama kile cha Shituru, kila fundi anajua kazi yake, na msimamizi naye anajua ukubwa wake unakoma wapi. Ndivyo katiba inavyoweka mpaka wa Rais, wa wabunge na wa mahakimu. Raia waliipigia kura wakaikubali, na jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lilitoka humo. Haikudumu. Mwezi wa kumi na moja 1965 Jenerali Mobutu alitwaa utawala.

Mwaka 1968 Mobutu alimweka Lihau kuwa mkuu wa kwanza wa Mahakama Kuu. Ulikuwa ukubwa wa kweli, wenye heshima na mshahara mzuri. Kisha wanafunzi wakaandamana kuipinga serikali, na wakubwa wakataka wapate adhabu kali. Lihau alijua vema ni nani aliyempa kile kiti, na kwamba mkono uliotoa waweza kunyang'anya. Hata hivyo akakataa kuitimiza adhabu ile. Mwezi wa sita 1975 akaondolewa kazini, akafungiwa nyumbani mwake.

Hakunyamaza. Mwaka 1982, wakati chama kimoja tu kiliruhusiwa, aliungana na wenzake kuunda chama cha UDPS. Akateswa, na mwaka 1985 akakimbilia Marekani. Alikufa Boston tarehe 9 mwezi wa nne 1999.