Fifi D'Orsay: Binti wa Montreal Aliyeaminika Kuwa Mparisi

Kwa miongo kadhaa watazamaji wa filamu nchini Marekani walimfahamu Fifi D'Orsay kuwa Mfaransa wa Paris. Ukweli ni kwamba mwigizaji huyo alizaliwa Montreal, Kanada, Aprili 16, 1904, akiitwa Yvonne Lussier, na alijenga jina lake kwa sifa za mji ambao hakuwa ameutia machoni.

Alikulia katika familia kubwa ya Wakanada wazungumzao Kifaransa, akafanya kazi ya kupiga taipu, kisha akahamia New York kutafuta nafasi jukwaani. Alipofanyiwa usaili wa Greenwich Village Follies, onesho maarufu la nyimbo na dansi, aliimba kwa Kifaransa wimbo wa Kiingereza uliokuwa ukivuma wakati huo, tena akadai kuwa ametoka Folies Bergère ya Paris. Aliajiriwa. Uongo huo wa msichana anayesaka riziki ugenini ulimlisha maisha yake yote, na pia ulimfunga.

Sinema zilipoanza kuwa na sauti, wapo waigizaji wa kigeni waliopoteza kazi kwa sababu ya lafudhi. Kwake lafudhi ikawa mtaji. Mwaka 1929 aliigiza na Will Rogers katika They Had to See Paris, filamu ya kwanza ya sauti ya mchekeshaji huyo, na mwaka huohuo akaonekana katika Hot for Paris. Mwaka 1933 alishiriki Going Hollywood pamoja na Marion Davies na Bing Crosby. Hata hivyo, nafasi aliyopewa ilikuwa karibu ileile: mrembo wa Kifaransa mwenye madaha, anayeteka macho ya wanaume kisha kuachwa. Mtindo huo ulipowachosha watazamaji, kazi zilipungua.

Baadaye televisheni ilimrejesha kidogo, ikiwemo tamthilia ya Perry Mason.

Heshima kubwa ilimjia uzeeni. Mwaka 1971, akikaribia miaka 67, alipanda jukwaa la Broadway katika Follies ya Stephen Sondheim, akiwa Solange LaFitte, msanii mkongwe wa Kifaransa anayeimba sifa za Paris. Kwa mara nyingine, binti wa Montreal alishangiliwa kwa ajili ya mji usio wake.

Alifariki dunia Desemba 2, 1983, huko Woodland Hills, California, akiwa na umri wa miaka 79.