Anselm wa Canterbury

Anselm wa Canterbury, O.S.B. (Aosta, leo nchini Italia, 1033 au 1034 - Canterbury, Uingereza, 21 Aprili 1109) alikuwa mmonaki Mbenedikto, mwanafalsafa na mwanateolojia, halafu askofu mkuu wa Canterbury kuanzia mwaka 1093 hadi kifo chake.

Anajulikana hasa kwa kitabu chake Cur Deus Homo (jina la Kilatini lenye maana ya Kwa Nini Mungu Akawa Mtu). Humo alieleza kwa njia mpya sababu ya Yesu Kristo kufa msalabani na jinsi kifo hicho kinavyomletea binadamu wokovu. Maelezo hayo yaliathiri sana Ukristo wa magharibi.

Anaheshimiwa na Wakatoliki na Waanglikana kama mtakatifu. Mwaka 1720 Papa Clement XI alimtangaza kuwa mwalimu wa Kanisa. Sikukuu yake huadhimishwa kila mwaka tarehe 21 Aprili.

Maisha

Ujana

Anselm alizaliwa katika familia yenye cheo mjini Aosta, kati ya milima ya Alpi. Baba yake, Gundulf, alikuwa mkali kwake na mtapanyaji wa mali. Mama yake, Ermenberga, ndiye aliyemfundisha imani. Akiwa na umri wa miaka 15 hivi aliomba kupokewa monasterini, lakini abati alimkatalia kwa kuogopa kumuudhi baba yake. Baada ya mama kufariki, ugomvi wa baba na mwana ulizidi, hata kijana akaondoka nyumbani, akavuka Alpi na kutangatanga Burgundia na Ufaransa kwa miaka mitatu hivi.

Mmonaki na mwalimu

Mwaka 1059 alifika monasteri ya Bec, Normandia, kwa ajili ya kusoma chini ya Lanfranc, mwalimu maarufu wa wakati ule. Mwaka uliofuata akawa mmonaki. Mwaka 1063 alichaguliwa kuwa priori, na mwaka 1078 abati.

Alipendwa sana na wanafunzi. Eadmer, mmonaki aliyeandika habari zake, anasimulia kwamba abati mmoja alimlalamikia kuwa watoto wa monasteri yake wanachapwa mchana na usiku lakini wanazidi kuwa wabaya. Anselm alimuuliza mche uliobanwa pande zote bila nafasi ya kutandaza matawi utakua namna gani. Abati alikiri kwamba utapindika, naye Anselm akamweleza kwamba hivyo ndivyo anavyowatenda watoto.

Huko Bec aliandika Monologion na Proslogion. Katika kitabu hicho cha pili alitoa hoja yake maarufu kuhusu kuwepo kwa Mungu, akimfafanua kuwa yule ambaye haiwezekani kufikiria aliye mkuu kuliko yeye. Kwake, mtu hatafuti kuelewa ili aamini, bali anaamini na kwa hiyo anatafuta kuelewa.

Askofu mkuu

Lanfranc, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury, alifariki mwaka 1089. Mfalme William II aliacha nafasi hiyo wazi kwa karibu miaka minne huku akitwaa mapato yake. Mwaka 1093 mfalme aliugua, akaogopa kufa, akamteua Anselm, ambaye alikuwa Uingereza kwa shughuli za monasteri. Anselm alikataa, hata maaskofu wakalazimika kumsukumizia fimbo ya kichungaji katika mkono aliokuwa ameufumba.

Mfalme alipopona, walianza kugombana kuhusu mali ya Kanisa na kuhusu haki ya askofu mkuu kumtii Papa Urban II. Mwaka 1097 Anselm aliondoka kwenda uhamishoni. Mwaka 1098, akiwa katika kijiji cha Liberi karibu na Capua, kusini mwa Italia, alikamilisha Cur Deus Homo.

William alifariki mwaka 1100, na mfalme mpya, Henry I, akamwita arudi. Mtaguso alioongoza Westminster mwaka 1102 ulikataza biashara ya kuuza watu kama wanyama. Lakini ulizuka mgogoro mwingine, juu ya mfalme kuwapa maaskofu fimbo na pete, alama za mamlaka yao ya kiroho. Anselm akakaa tena uhamishoni miaka 1103-1106. Kwa mapatano ya mwaka 1107 mfalme aliacha desturi hiyo, ila maaskofu waliendelea kumwapia uaminifu kwa ajili ya ardhi zao.

Anselm alifariki Jumatano ya Wiki Kuu mwaka 1109. Siku za mwisho alisema yuko tayari kwenda, lakini angefurahi kuachiwa muda amalize kuchunguza asili ya roho ya binadamu.

Mafundisho kuhusu msalaba

Kabla ya Anselm, wengi walieleza kwamba kwa dhambi ya Adamu shetani alipata haki ya kuwamiliki watu, na kwamba kifo cha Kristo kiliwakomboa mikononi mwake. Anselm alilikataa wazo hilo: shetani ni mwasi aliyewapotosha watumwa wenzake, na mwizi hapati haki juu ya alichoiba. Deni la binadamu ni kwa Mungu.

Kitabu ni mazungumzo kati yake na Boso, mwanafunzi wake, anayeleta maswali ya wasioamini, hasa hili: kama Mungu ni mwenyezi na mwenye huruma, kwa nini asisamehe kwa neno tu?

Anselm anajibu hatua kwa hatua. Kila kiumbe mwenye akili anapaswa kumpa Mungu utii wote. Kutenda dhambi ni kutolipa deni hilo na kuvuruga mpango mzuri wa ulimwengu. Dhambi ikiachwa hivihivi, mkosaji na asiyekosa watakuwa sawa, na haki haitakuwepo tena. Basi, ama adhabu itolewe, ama malipizi. Lakini binadamu hana cha kulipa: toba, unyenyekevu na utii ni vitu anavyodaiwa tayari. Anayepaswa kulipa ni binadamu. Anayeweza ni Mungu peke yake. Kwa hiyo alihitajika mmoja aliye Mungu kweli na mtu kweli.

Kristo, kwa kuwa hakuwa na dhambi, hakudaiwa kifo. Alipoutoa uhai wake alitoa kitu kisicho sehemu ya deni lolote, chenye thamani kuliko dhambi zote. Tuzo aliyostahili hakuihitaji, akawapa ndugu zake. Hivyo, kwa Anselm, haki na huruma havipingani.

Boso anauliza pia kama ni haki Baba amuue asiye na hatia ili kumwokoa mwenye hatia. Anselm anajibu kwamba Baba hakumlazimisha Mwana. Kristo alishika haki bila kuiacha hata ilipomgharimu uhai, na alifanya hivyo kwa hiari. Katika maelezo yake, basi, msalaba ni zawadi inayotolewa mahali pa adhabu, si adhabu iliyohamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Athari na upinzani

Katika karne ya 12 Pierre Abélard alisisitiza kwamba msalaba unaokoa kwa kuwa unaonyesha upendo wa Mungu na kuwasha upendo ndani ya binadamu. Thoma wa Akwino alipokea wazo la malipizi, ila alifundisha kwamba Mungu angeweza kusamehe kwa njia nyingine. Njia ya msalaba ilifaa zaidi.

Katika karne ya 16 Jean Calvin na Waprotestanti wengine walifundisha kwamba Kristo alibeba adhabu badala ya wakosefu. Fundisho hilo mara nyingi huchanganywa na la Anselm, ingawa yeye alitofautisha malipizi na adhabu.

Wanateolojia wengi Waorthodoksi wanaona kwamba anautazama wokovu kisheria mno. Katika karne ya 20 Gustaf Aulén, askofu Mlutheri wa Uswidi, alitetea mtazamo wa zamani wa msalaba kama ushindi wa Kristo dhidi ya dhambi, mauti na shetani. Wengine wanasema wazo la heshima ya Mungu linafanana mno na heshima ya mabwana wa zama zile. Hata hivyo, hata wanaompinga huanza mara nyingi na swali la Boso.