Simoni wa Bethsaida, kabla hajaitwa Petro



Tukimtaja Mt. Petro, wengi tunamwona mzee mwenye ndevu na funguo mkononi. Leo nataka tumtazame akiwa bado Simoni, mtoto wa Yona, kijana wa Bethsaida. Jina la kijiji hicho lenyewe maana yake ni nyumba ya uvuvi, kwa hiyo mnaweza kujua watu wa pale walikula nini.

Ziwa Galilaya si kubwa. Urefu wake ni kama kilomita 21 na upana 13, yaani ukiliweka ndani ya Ziwa Viktoria hulioni tena. Lakini liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo ukishuka ghafla dhoruba yake si mchezo. Kuna samaki wa huko ambaye hadi leo anaitwa samaki wa Petro, naye ni wa ukoo mmoja na sato wetu. Mwaka 1986, ukame ulipopunguza maji, ndugu wawili wavuvi waliona kwenye matope mashua ya zamani za Yesu, yenye urefu wa mita 8 hivi. Ilikuwa imetengenezwa kwa mbao za aina zaidi ya 10, kiraka juu ya kiraka. Hakuna anayeweza kusema ni ya Simoni, ila inaonyesha wavuvi wa pale hawakutupa kitu.

Tusimfanye fukara wa kutupwa, lakini. Alikuwa na mashua, na alishirikiana na Yakobo na Yohane, ambao baba yao Zebedayo aliweza hata kuajiri vibarua. Alihamia Kafarnaumu, akakaa nyumba moja na mdogo wake au kaka yake Andrea (Injili haisemi nani mkubwa), akaoa, na mama mkwe alikuwa humo humo. Usiku ziwani, asubuhi kuosha nyavu. Maisha ya kawaida, yenye watu wanaokutegemea.

Hapo ndipo wito unapokuwa mgumu. Mara nyingi tunasimuliwa kwamba aliitwa, akaacha nyavu, basi. Mimi nikizisoma Injili zote pamoja naona safari ndefu zaidi. Kwanza Andrea, aliyekuwa mfuasi wa Yohane Mbatizaji, alimpeleka kwa Yesu, akapewa jina jipya. Kisha tunamkuta tena kwenye mashua, amekesha bila kupata kitu, halafu samaki wanajaa mpaka mashua mbili zinakaribia kuzama. Siku ambayo biashara imekubali kuliko zote, ndiyo siku anayoiacha! Falsafa niliyosoma inapenda mtu apime hoja zote ndipo achague. Simoni aliondoka ufukweni kabla hajaelewa nusu ya mambo.

Na nyumbani je? Swali hilo nalijua, maana wajomba zangu huniuliza kila likizo nani atawatunza wazazi. Injili haitupi jibu kamili. Tunajua Yesu aliingia nyumba ile akamponya mama mkwe, na kwamba miaka mingi baadaye Paulo anagusia safari za Kefa akiwa na mwanamke mwamini, ambaye wengi wanaona ni mkewe. Kwa hiyo kuacha yote kwake hakukuwa kuwakana watu wake.

Aliyemkana ni mwingine. Usiku ule uani kwa kuhani mkuu, lafudhi ya Kigalilaya ndiyo iliyomuumbua. Alikuwa ametoka ziwani, lakini ziwa halijamtoka mdomoni. Baada ya Ufufuko akarudi kuvua, na wenzake sita wakamfuata. Usiku mzima, hakuna kitu. Alfajiri aliposikia kwamba ni Bwana aliye ufukweni, akajitupa majini na nguo zake, akakuta moto wa makaa na samaki juu yake. Pale akaulizwa mara tatu kuhusu upendo, akapewa kondoo, yeye ambaye maisha yake yote alijua samaki tu.

Alihubiri Yerusalemu, akafika Antiokia, ambako Paulo alimkosoa mbele ya watu, na mwisho Roma. Huko aliuawa wakati wa Kaisari Nero, kati ya mwaka 64 na 68, akazikwa kwenye kilima cha Vatikano. Sikukuu yake na Paulo tunaiadhimisha Juni 29.

Mt. Petro, mvuvi wa Galilaya, utuombee.