Garrod: Daktari aliyeanza na nepi ya mtoto

Siku hizi vipo vipimo vya vinasaba vinavyouzwa kwa ahadi ya kukueleza wewe au mwanao mle nini na muache nini. Mzazi akisikia hivyo, moyo unamdunda: huenda kumbe nimekuwa nikimlisha mwanangu sumu bila kujua. Kabla hujatoa fedha yako, ni vizuri umfahamu daktari aliyekuwa wa kwanza kuonyesha kwamba miili ya watu haikitumii chakula kwa namna moja.

Archibald Garrod alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1857. Baba yake, Alfred Garrod, alikuwa daktari maarufu aliyeonyesha mwaka 1848 kwamba damu ya wagonjwa wa jongo (gauti) ina asidi ya yuriki iliyozidi. Kijana huyo alisoma sayansi Oxford, kisha udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1892 akaanza kazi pia katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street.

Wenzake walipenda kusikiliza mapigo ya moyo na kupapasa matumbo. Yeye alipenda kuchunguza mkojo. Aliamini kwamba rangi yake inaeleza kinachotendeka ndani ya mwili.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 aliletewa mtoto mchanga ambaye nepi zake zilikuwa zikigeuka rangi ya hudhurungi iliyokolea, karibu na nyeusi. Mtoto alikuwa na afya, lakini wazazi walikuwa na hofu. Hali hiyo iliitwa alkaptonuria, na madaktari wa wakati ule walidhani inaletwa na vijidudu vya tumboni.

Garrod hakuridhika. Mama wa mtoto huyo alipojifungua tena mwaka 1901, aliagiza nepi za mtoto mpya ziangaliwe tangu siku ya kwanza. Ndani ya siku chache nazo zikaanza kubadilika rangi. Kama ni vijidudu, vingewezaje kumwingia mtoto upesi hivyo?

Ndipo akauliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: baba na mama wana undugu? Jibu lilikuwa ndiyo, walikuwa watoto wa mama wakubwa na wadogo, yaani bibi zao wazaa watoto hao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Akafuatilia familia nyingine zenye hali hiyo, akakuta kadhaa ambazo wazazi wao pia ni binamu.

Wakati huohuo utafiti wa mtawa Gregor Mendel kuhusu urithi wa njegere ulikuwa umefufuliwa baada ya kusahaulika kwa miaka mingi. Mtaalamu wa urithi, William Bateson, alimsaidia Garrod kuona picha nzima. Mtoto hupata hali hii pale tu anaporithi kasoro ileile kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Mzazi aliyeibeba kasoro moja huwa mzima kabisa, wala hajui kama anayo.

Mwaka 1902 Garrod alichapisha hoja yake. Kama sura za watu zinavyotofautiana, ndivyo kemia ya miili yao inavyotofautiana. Chakula chenye protini, kama nyama, maziwa na maharage, huvunjwavunjwa mwilini hatua kwa hatua. Kwa watoto wale hatua moja ilikosekana, mabaki yakarundikana na kutoka kwenye mkojo. Leo tunajua kinachokosekana ni kimeng'enya kimoja.

Mwaka 1908 alitoa mihadhara, na mwaka uliofuata ikawa kitabu. Alieleza hali 4 za kuzaliwa nazo, mojawapo ikiwa ualbino. Hivyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, daktari huyu aliweka wazi kuwa ualbino ni urithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Si laana, wala si kosa la mama.

Madaktari wengi hawakumjali. Waliona anapoteza muda kwa magonjwa adimu. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, akapelekwa Malta kuhudumia majeruhi. Vita iliwaua wanawe wawili, na wa tatu alifariki kwa homa ya mafua mwaka 1919. Hata hivyo aliendelea kufundisha, na mwaka 1920 akawa profesa wa tiba Oxford. Alifariki mwaka 1936.

Miaka miwili kabla ya kifo chake, daktari Asbjørn Følling wa Norway alieleza ugonjwa wa kurithi unaoitwa PKU, ambao huharibu ubongo wa mtoto kwa sababu mwili hauwezi kuitumia sehemu mojawapo ya protini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari wa Birmingham walimpa mtoto mmoja mwenye PKU chakula kilichopunguzwa sehemu hiyo. Mtoto ambaye hakuweza kusimama akaanza kutambaa na kusimama. Leo katika nchi nyingi watoto wachanga hutobolewa kisigino na kupimwa, na mwenye PKU akianzishiwa chakula chake mapema, ubongo hukua vizuri.

Hapo ndipo kipimo kinapookoa maisha: tatizo linajulikana, na chakula cha kubadilisha kinajulikana. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, anayeonywa kuhusu maharage ya fava na baadhi ya dawa, ikiwemo primakwini ya malaria.

Lakini unene, kisukari cha ukubwani na shinikizo la damu havitokani na kasoro moja. Vinasaba vingi vinachangia, pamoja na chakula, usingizi na mazoezi. Kipimo cha kununua hakiwezi kukuandikia mlo wa familia kwa uhakika huo.

Kwa hiyo, mzazi, anza alipoanzia Garrod. Andika magonjwa ya pande zote mbili za ukoo, watoto waliofariki wakiwa wachanga, na kama ninyi wawili mna undugu. Andika pia kila chakula kinachomsumbua mtoto na kinachotokea baada ya kukila. Ukiona nepi imebadilika rangi, usiitupe kwa aibu. Ipeleke kwa daktari. Na usimwachishe mtoto maziwa, mayai au maharage kwa karatasi ya majibu tu kabla ya kuongea na daktari au mtaalamu wa lishe. Mwili unaokua huumia haraka ukinyimwa chakula ambacho haukuwa na shida nacho.