Herman Hollerith: Alikodisha mashine, akaishia kufuga ng'ombe

Sensa ya Marekani ya mwaka 1880 ilichukua takriban miaka minane kukamilisha hesabu zake, kwani makarani walihesabu kwa mkono. Herman Hollerith, mhandisi aliyezaliwa Buffalo mwaka 1860, alifanya kazi katika sensa hiyo na kuiona adha yenyewe. Akabuni kadi zenye matundu. Kijiti cha chuma kilipopenya tunduni kiligusa zebaki, umeme ukapita na mshale wa kuhesabia ukasogea. Sensa ya 1890 ilitumia mashine zake.

Ujanja wake ulikuwa kukodisha badala ya kuuza. Kodi iliingia kila mara, na kadi nazo zilihitajika. Lakini aling'ang'ania bei. Mwaka 1905 ofisi ya sensa, ikilalamikia gharama, iliachana naye na kuanza kutengeneza mashine zake. Mteja mkubwa akageuka mshindani! Bahati nzuri, alikuwa na wateja wengine, zikiwemo reli zilizofuatilia mizigo.

Mwaka 1911 kampuni yake iliunganishwa na nyingine, ikiwemo ya mizani za madukani; mwaka 1924 ikaitwa IBM. Hollerith, mtu mkaidi, alistaafu akafuga ng'ombe aina ya Guernsey shambani kwake. Alifariki mwaka 1929.