KIJANA, KESHO YAKO IKO WAPI?

Rafiki yangu kijana, kijiweni mnasema: maisha ni mafupi, tule leo, kesho nani anaijua? Haya. Nipe dakika tano tu nikusimulie habari za mtu aliyezika kesho yake kwa mikono yake, na bado akaamka kufanya kazi.

Jina lake Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1810. Pengine shuleni ulimsoma kama yule Mzungu aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849. Mlima uache kwanza. Sikiliza yaliyotangulia.

Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, mja mzito. Mtoto wao wa kwanza walikwisha kumzika safarini Uhabeshi. Mwezi wa Julai homa ikaingia nyumbani. Rosine akajifungua msichana, akafa. Mtoto naye akamfuata mama yake baada ya muda mfupi tu, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyohiyo. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, kule Nyali.

Sasa wewe ungefanya nini? Sema kweli! Wengi wetu tungeshika chupa, au tungepanda chombo cha kwanza turudi kwetu, na nani angetulaumu?

Krapf aliumia sana. Usidhani mtu wa Mungu hana machozi. Ila aliamini kabisa, si kwa kuigiza, kwamba Yesu alifufuka, anarudi, na waliolala ndani yake watafufuka. Basi akawaandikia wakubwa wake wa misheni huko Uingereza kwamba kaburi lile ni alama ya kuwa kazi imeanza. Hebu fikiri, kaburi la mke wako!

Na tumaini hilo lilionekana wapi? Mezani. Mwezi wa Juni, kabla ya msiba, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Aliirudia kazi ile. Kuuliza neno, kuliandika, kulifuta, kuuliza tena. Kazi ya namna hiyo haina makofi, bwana. Mwaka 1846 akaja mwenzake Johannes Rebmann, wakajenga Rabai huku homa zikiwasumbua. Walivuna nini? Kwa macho, karibu hakuna. Mtu wa kwanza kubatizwa pale alikuwa Mringe, maskini mlemavu, aliyekuwa karibu kufa. Mfanyabiashara angesema hiyo ni hasara tupu.

Wewe je, ndugu yangu? Usipojua unakokwenda, leo yako inaliwa na pombe na mapenzi ya gizani. Ukimpokea Yesu, hapohapo uliposimama, hata kuuza machungwa, hata kumuuguza mama usiku kucha, kunakuwa na maana, maana kuna siku Bwana atakuuliza habari zake. Na usiseme Krapf aliweza kwa sababu ni Mzungu. Homa haikujali rangi yake. Nguvu aliipata kwa magoti.

Mwaka 1853 afya mbovu ilimrudisha Ulaya, lakini kalamu hakuiweka chini. Asubuhi moja ya Novemba 1881, huko Korntal, Ujerumani, walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilikuwa bado haijatoka. Ilichapwa mwaka 1882.