Rouget de Lisle: Mtunzi aliyefungwa jela huku nchi ikiimba wimbo wake

Mwishoni mwa mwaka wa 1793, katika jela moja karibu na Paris, kapteni mmoja wa jeshi alikuwa akisubiri kujua iwapo shingo yake ingepona. Huko nje, wanajeshi, watoto na akina mama wa sokoni walikuwa wakiimba kibao kilichovuma Ufaransa nzima. Kibao hicho alikuwa amekitunga yeye. Na serikali iliyomfunga ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikikitumia kuwatia watu moyo wa kwenda vitani.

Jamaa huyo aliitwa Claude Joseph Rouget de Lisle. Wimbo wenyewe ni La Marseillaise, ule unaopigwa kabla ya mechi ya kina Kylian Mbappé kuanza. Ukitaka kujua uzalendo unaishia wapi na propaganda inaanzia wapi, fuata maisha ya bwana huyu.

Alizaliwa Mei 10, 1760 mjini Lons-le-Saunier, mashariki mwa Ufaransa. Alisomea uhandisi wa kijeshi, kazi ya kujenga ngome na madaraja, akawa kapteni. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye fidla na mashairi. Alitunga nyimbo na michezo ya jukwaani, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliotikisa mji. Kwa kifupi, alikuwa msanii wa wikendi mwenye kazi ya serikali. Wapo wengi kama yeye hata hapa kwetu.

Usiku mmoja Strasbourg

Aprili 20, 1792, Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Austria. Habari hizo zilifika Strasbourg, mji wa mpakani alikokuwa Rouget, siku tano baadaye. Meya wa mji, Philippe Frédéric de Dietrich, aliwaalika maafisa wa jeshi kwa chakula cha jioni. Alijua vijana waliokuwa wakijiunga na jeshi walihitaji wimbo wa kuandamia, kitu cha kuwapandisha mori. Akamgeukia Rouget na kumpa kazi hiyo.

Rouget akarudi chumbani kwake, akashika fidla, na kufikia asubuhi wimbo ulikuwa tayari. Aliupa jina la wimbo wa vita wa Jeshi la Rhine, akautunuku kwa jemadari Nicolas Luckner. Picha maarufu iliyochorwa zaidi ya nusu karne baadaye inamwonyesha Rouget mwenyewe akiuimba mbele ya watu. Ukweli ni kwamba aliyeuimba kwanza sebuleni ni meya, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti nzuri.

Hebu tulia hapo kidogo. Wimbo huu haukuchipuka wenyewe mitaani. Uliagizwa na kiongozi, kwa ajili ya vita, na maneno yake yamejaa damu, silaha na adui. Kwa hivyo tangu usiku wa kwanza ulikuwa na kazi ya propaganda. Lakini kilichofuata hakuna meya angeweza kukipanga.

Vijana wa Marseille

Wimbo ulisafiri kwa karatasi na kwa midomo hadi kusini mwa nchi. Juni mwaka huo, kijana mmoja aliyeitwa François Mireur aliuimba kwenye karamu mjini Marseille. Vijana wa huko waliokuwa wamejitolea kwenda kuyalinda mapinduzi waliupenda papo hapo. Walikuwa mia tano na ushee. Walitembea kwa miguu hadi Paris, karibu mwezi mzima barabarani, wakiuimba katika kila mji waliopita. Walipoingia Paris Julai 30, wakazi wakauita wimbo wa watu wa Marseille. Jina la Rouget halikutajwa.

Agosti 10, vijana hao walikuwa miongoni mwa waliovamia kasri la mfalme. Ufalme ukaanguka. Na hapo ndipo mtunzi na wimbo wake walipoachana njia.

Rouget alitaka nchi yenye katiba, lakini hakutaka mfalme aondolewe. Maafisa walipotakiwa kukubali mabadiliko hayo, yeye alikataa. Akafutwa kazi. Baadaye alirudishwa jeshini, lakini mwaka wa 1793 akakamatwa kama mshukiwa. Huo ulikuwa wakati ambapo kushukiwa tu kulitosha kukupeleka kwenye gilotini, ile mashine ya kukata shingo. Meya Dietrich aliyeagiza wimbo alikatwa kichwa Desemba 29, 1793. Siku chache baadaye, mapema Januari 1794, ikawa zamu ya Luckner, jemadari aliyetunukiwa wimbo. Rouget aliponea chupuchupu. Aliachiliwa baada ya Robespierre kuanguka Julai 1794.

Bendi zinaingia kazini

Wakati mtunzi anasota jela, wimbo ulikuwa umepata mashine ya kuusambaza: bendi.

Mwaka wa 1789, kijana aliyeitwa Bernard Sarrette alikuwa amekusanya wanamuziki wa kijeshi na kuunda bendi ya Walinzi wa Taifa mjini Paris. Mapinduzi yalifanya sherehe zake uwanjani, mbele ya maelfu ya watu. Fidla haisikiki uwanjani. Tarumbeta, klarineti, filimbi na ngoma zinasikika. Isitoshe, wanajeshi wa wakati huo walizoea kupokea amri kwa mlio wa ngoma, kwa hivyo mwili ulijua kutii kabla akili haijauliza swali. Watu mia tano wakikanyaga chini kwa mpigo mmoja, kila mtu hujihisi mkubwa kuliko alivyo. Hisia hiyo ni ya kweli, na ni tamu. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na bendi ya jeshi ikipita siku ya Jamhuri anaijua.

Serikali nayo iliijua. Baada ya ushindi wa Valmy mnamo Septemba 1792, waziri wa vita aliagiza La Marseillaise iimbwe mahali pa wimbo wa kanisani wa kumshukuru Mungu. Mtunzi François-Joseph Gossec akaupangia muziki wa jukwaani katika Opera ya Paris. Julai 14, 1795, bunge likaufanya wimbo wa taifa na kuagiza bendi za kijeshi zipige nyimbo za mapinduzi. Mwezi huohuo, Rouget alijeruhiwa Quiberon akiipigania serikali ileile iliyomfunga.

Kisha Januari 1796 ikatoka amri nyingine: kumbi zote za michezo jijini Paris zipige nyimbo za kizalendo kila jioni kabla ya onyesho. Matokeo? Baadhi ya watazamaji walizomea. Wimbo uleule ambao vijana wa Marseille waliuimba hadi koo zikakauka, bila kulazimishwa na mtu, sasa ulikuwa kama kodi ya kulipa kabla ya kuketi. Noti hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba ulikuwa umeamriwa.

Waulize wazazi wako kuhusu kumbi za sinema za Nairobi. Wimbo wa taifa ulipigwa kabla ya filamu, na watu wote walisimama. Waulize pia kuhusu zile nyimbo za kwaya za kumsifu rais zilizojaa redioni enzi za chama kimoja. Wapo walioziimba kwa moyo. Wapo waliosogeza midomo tu kwa kuogopa macho ya jirani. Kutoka jukwaa kuu, wote walionekana sawa.

Kufilisika kwa mwenye kibao

Rouget aliondoka jeshini mwaka wa 1796. Napoleon alipochukua madaraka, Rouget alimwandikia barua za kumkosoa, jambo ambalo halikumfungulia mlango wowote. Isitoshe, Napoleon akiwa mtawala mkuu hakuutaka wimbo unaozungumzia kuwaangusha madikteta. Wafalme waliporudi mwaka wa 1814, Rouget aliwatungia wimbo wa kuwasifu. Hawakumjali. Kwao alikuwa yule jamaa wa La Marseillaise, na La Marseillaise ilikuwa marufuku.

Basi akaishi kwa kubangaiza. Mwaka wa 1826 alifungwa tena, mara hii kwa sababu ya deni. Mshairi Pierre-Jean de Béranger ndiye aliyemsaidia kutoka. Wimbo wenyewe, kwa upande mwingine, ulizidi kupata nguvu kwa sababu ulikatazwa. Mapinduzi mengine yalipolipuka Julai 1830, watu wa Paris waliurudisha barabarani. Hector Berlioz akaupanga upya kwa kwaya na okestra. Mfalme mpya, Louis-Philippe, akampa mzee Rouget pensheni ndogo. Aliifaidi kwa miaka sita tu. Alifariki Juni 26, 1836 katika mji wa Choisy-le-Roi, akiwa na umri wa miaka 76.

Hata kaburini hakuachwa apumzike. Wimbo ulirudishwa kuwa wa taifa mwaka wa 1879. Julai 14, 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto na vijana wakifa kwa maelfu mitaroni, serikali ilifukua mabaki yake na kuyapeleka Invalides jijini Paris kwa gwaride kubwa, rais Raymond Poincaré akihutubia. Mtu aliyekufa karibu maskini, aliyewahi kunusurika kukatwa kichwa na taifa lake, akageuzwa bango la kuwahimiza wengine waende vitani.

Wimbo ni wa nani?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani waliupiga marufuku katika maeneo ya Ufaransa waliyoyateka. Huku nako, serikali ya Vichy iliyoshirikiana nao iliendelea kuutumia kwenye hafla zake. Wapiganaji wa siri, nao, waliuimba wakiongozwa kwenda kupigwa risasi. Na katika shule za kikoloni Afrika, watoto walifundishwa kuusifia uhuru ambao wao wenyewe walinyimwa.

Ndiyo maana mchezaji kama Karim Benzema, ambaye ukoo wake unatoka Algeria, alipoacha kuuimba uwanjani alishambuliwa kwa miaka. Wengine walisema haipendi nchi. Lakini mabao yake walishangilia.

Wimbo wetu wa Kenya ulianzia kwingine kabisa. Sauti yake ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, kwenye wimbo wa kubembeleza mtoto, na maneno yake ni dua. Hiyo ni bahati nzuri, lakini si kinga. Hata wimbo wa kubembeleza mtoto unaweza kugeuzwa fimbo, kama vile wimbo wa damu wa Rouget ulivyowahi kuwa faraja kwa watu waliokuwa wakielekea kufa.

Kwa hivyo bendi itakapopita tena Desemba 12, shangilia ukipenda. Tarumbeta zimetengenezwa zikupandishe mori, na hakuna aibu kwa hilo. Ila mtazame pia yule aliyenyamaza kando yako. Akiweza kunyamaza na kwenda zake nyumbani salama, basi wewe unaimba kwa fahari. Asipoweza, hata wewe hujui tena kwa nini unaimba.